Mama wa Mwaka 1855: Umri Uliomficha Mjukuu

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mtafiti wa nasaba, mwenye faili la ukoo wa Kiingereza lenye maelfu ya watu, alitaka programu yake imtolee orodha ya wanawake wote waliozaa wakiwa na miaka 46 au zaidi. Hakuwa akitafuta maajabu ya uzazi. Alikuwa akitafuta wajukuu waliofichwa.

Katika Uingereza ya karne ya 19, binti akipata mtoto kabla ya ndoa, haikuwa ajabu bibi kumchukua mtoto na kumlea kama kitinda mimba wake. Karani wa sensa akipita, mtoto anaandikwa "mwana". Leo mtu anainakili sensa ile kwenye kompyuta, na siri iliyotunzwa kwa ajili ya heshima ya familia inasogeza kizazi kizima mahali pasipo pake. Dalili zake zinajulikana: mama mwenye umri mkubwa, pengo refu kati ya mtoto huyo na anayemtangulia, na binti aliyekwisha kupevuka ambaye bado yuko nyumbani.

Orodha ikatoka. Ilijaa majina ambayo hata kwa kutupia jicho tu hayakuwa na maana. Familia moja, ambayo mtafiti alikuwa na shaka nayo siku nyingi, haikuwemo.

Familia hiyo nimeisuka mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi huu, ili nisianike ukoo wa mtu. Kanuni za sensa, za usajili na za programu zinazotajwa humu ni za kweli, na kila tatizo lililomo humkuta mtu anayeuliza hifadhidata habari za umri.

Kilichokuwa ndani ya faili

Mama anaonekana mara ya kwanza kwenye sensa ya tarehe 6 Juni 1841, umri 30. Mtafiti akafanya hesabu ambayo karibu kila mmoja wetu huifanya: 1841 kutoa 30, akaandika kuwa alizaliwa "takriban 1811". Mtoto wa mwisho, mvulana, alimtoa kwenye faharasa ya vizazi, yaani orodha ya watoto waliosajiliwa kuzaliwa, na kumwandikia mwaka tu, 1855. Programu ikachukua 1855, ikatoa 1811, ikapata 44. Kichujio kilitaka 46 kwenda juu. Mama akabaki nje.

Sasa tuitazame hiyo 30. Katika sensa ya 1841 makarani waliagizwa kwamba mtu aliyezidi miaka 15 umri wake ushushwe hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano. Mwenye 33 akaandikwa 30, mwenye 39 akaandikwa 35. Wapo makarani waliopuuza agizo na kuandika umri kamili, lakini ukikuta 30 huna budi kuisoma kama "30 hadi 34". Kwa tarehe, maana yake mama huyu alizaliwa siku yoyote kuanzia 7 Juni 1806 hadi 6 Juni 1811. Mwaka 1811 hauko katikati ya kipindi hicho. Uko kwenye ukingo wake wa mwisho kabisa. Na kosa hili halijisawazishi lenyewe, kwa sababu linaelekea upande mmoja tu. Kila mtu mzima aliyeingizwa kwenye faili kwa kutoa umri wa 1841 anaweza kuwa mkubwa kuliko faili linavyosema, na ni nadra kuwa mdogo. Ukitafuta wazazi wazee kwenye faili la namna hiyo, umejipunguzia matokeo kabla hujabonyeza kitufe.

Neno "takriban" nalo lina mambo yake. Programu nyingi hubadilishana data kwa muundo wa GEDCOM, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Muundo huo una alama kadhaa za tarehe zisizo kamili: ABT kwa takriban, CAL kwa tarehe iliyopatikana kwa hesabu, kwa mfano kutoka umri uliotajwa, EST kwa makadirio, BEF kwa kabla ya, AFT kwa baada ya, na BET kwa tarehe iliyo kati ya mbili. Lakini ABT haisemi ni takriban kwa kiasi gani. Miaka miwili? Ishirini? Kila programu inajiamulia.

Zipo zinazolipuuza neno lenyewe na kuhesabu mwaka kana kwamba ni kamili, na ndivyo mama wa kisa hiki alivyopotea. Gramps, programu huria inayotumiwa na wengi, ina mpangilio unaosema "takriban" ipanuliwe kwa miaka mingapi inapolinganishwa na tarehe nyingine; usipougusa, ni miaka 50 kila upande. Kwa upana huo mama huyu anaingia kwenye orodha, ila anaingia pamoja na kila mwanamke mwenye "takriban" mbele ya mwaka wake, hata yule aliyezaa akiwa na miaka 20. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa, na nadhani anayefanya utafiti wa umri hana budi kuubadilisha. Lakini hata ukiupunguza hadi mitano bado unakisia: sensa ya 1841 inakupa miaka mitano ya upande mmoja, si mitano huku na mitano kule.

Umri wa chini na umri wa juu

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Umri ni tofauti kati ya tarehe mbili, na kila moja ya tarehe hizo ina mwanzo na mwisho. Kwa hiyo umri wa mama wakati wa kujifungua unatoka kwenye hesabu mbili. Umri wa chini: siku ya mapema kabisa ambayo mtoto angeweza kuzaliwa, kutoa siku ya mwisho kabisa ambayo mama angeweza kuzaliwa. Umri wa juu: siku ya mwisho ya mtoto, kutoa siku ya mapema kabisa ya mama. Hifadhidata inayotunza mipaka hiyo inaweza kufanya kazi hii bila taabu. Programu ya webtrees, kwa mfano, huhifadhi kila tarehe kama namba mbili za siku za Julian, yaani hesabu ya siku zinazofuatana bila kukatika, moja ya mwanzo na moja ya mwisho, hivyo tarehe yenye mwaka pekee inaanzia 1 Januari na kuishia 31 Desemba.

Upande wa mtoto nao ulihitaji mipaka. Faharasa ya vizazi ya Uingereza haikutoa siku ya kuzaliwa. Ilitoa robo ya mwaka ambamo kizazi kilisajiliwa. Mvulana alikuwa kwenye robo ya Desemba 1855, yaani Oktoba hadi mwisho wa Desemba. Wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili kwa kawaida, kwa hiyo mtoto aliyesajiliwa 1 Oktoba angeweza kuwa amezaliwa tangu 20 Agosti. Wengi huandika "Desemba 1855" na kuendelea na kazi. Programu haina namna ya kujua kwamba hiyo Desemba ni jina la robo tu.

Ukiweka mipaka hiyo yote pamoja, mvulana amezaliwa kati ya 20 Agosti na 31 Desemba 1855, na mama kati ya 7 Juni 1806 na 6 Juni 1811. Umri wa chini ni 44, wa juu ni 49. Programu ilikuwa imetoa 44 peke yake, ikauacha ule upande mwingine wote.

Kwa hiyo swali la "waliozaa wakiwa na miaka 46 au zaidi" ni maswali mawili. Ukiuliza umri wa chini uwe 46, unapata wale ambao kwa ushahidi uliopo hawana njia ya kuwa chini ya hapo. Ukiuliza umri wa juu uwe 46, unapata wale ambao huenda walifika. Anayewinda mjukuu aliyefichwa anataka orodha ya pili. Anayeandika makala kuhusu uzazi katika ukoo wake anataka ya kwanza. Ukipewa orodha isiyosema ni ipi kati ya hizo, irudishe.

Mashahidi wanne

Mtafiti alikuwa na kumbukumbu nyingine za mama yuleyule, zimekaa kwenye faili bila kutumika, kwa sababu programu ilitazama sehemu ya tarehe ya kuzaliwa tu. Sensa ya 30 Machi 1851 ilimpa umri 43. Sensa ya 7 Aprili 1861 ilimpa 50. Daftari la ubatizo lilimtaja tarehe 3 Januari 1808. Usajili wa kifo ulisema alifariki 20 Novemba 1886 akiwa na miaka 79.

Kila moja igeuzwe kuwa kipindi. Sensa ya 1851 inasema alizaliwa kati ya 31 Machi 1807 na 30 Machi 1808. Ubatizo hausemi alizaliwa lini, lakini unafunga mlango wa upande mmoja: hakuzaliwa baada ya 3 Januari 1808. Kifo kinasema kati ya 21 Novemba 1806 na 20 Novemba 1807. Vipindi hivi vitatu, pamoja na kile cha 1841, vinakutana kwenye eneo moja: 31 Machi hadi 20 Novemba 1807. Sensa ya 1861 iko peke yake pembeni, ikidai kuwa alizaliwa kati ya Aprili 1810 na Aprili 1811.

Miaka kumi ilipita kati ya sensa ya 1851 na ile ya 1861, na mama akazeeka kwa miaka saba. Siwezi kumlaumu. Huenda namba 50 ilisemwa kwa kukadiria, maana watu wasiokuwa na hakika ya umri wao huangukia namba zinazoishia na sifuri au tano. Wanademografia wana kipimo chake, faharasa ya Whipple, inayotazama watu wa miaka 23 hadi 62 na kuhesabu wangapi wameangukia namba hizo. 100 ni hali isiyo na mrundikano, na 500 ni pale ambapo kila mtu ana umri unaoishia na sifuri au tano. Mwenye faili kubwa anaweza kuipima mwenyewe kwa umri ulionakiliwa kutoka kwenye sensa, almradi aiweke kando sensa ya 1841, ambayo mrundikano wake uliamriwa. Lakini kwa mama huyu kuna sababu nyingine ya kuishangaa 50. Sensa ya 1861 ndiyo ya kwanza inayomtaja mvulana, akiwa na miaka mitano. Mwanamke wa miaka 53 mwenye mtoto wa miaka mitano anaweza kuulizwa maswali. Wa miaka 50 anaulizwa machache kidogo. Hilo si ushahidi, ila ningeliandika kwenye maelezo ya pembeni.

Mtafiti aliirekebisha tarehe ya kuzaliwa ikawa "kati ya 31 Machi 1807 na 20 Novemba 1807", akaiwekea alama kuwa imepatikana kwa hesabu. Ile 50 ya 1861 hakuifuta, na alifanya vizuri. Umri ulioandikwa na karani ni kauli ya shahidi. Unakaa kwenye tukio lake, pale palipotajwa. GEDCOM ina sehemu yake kwa kazi hiyo, inaitwa AGE, na Gramps ina sifa ya umri inayowekwa kwenye ushiriki wa mtu katika tukio. Umri unaokokotolewa na programu ni kitu kingine, na viwili hivyo vikichanganywa kwenye safu moja ya ripoti hakuna tena anayejua kipi kimetoka wapi. Vikiwekwa kwenye safu mbili zinazofuatana, tofauti zinajitokeza zenyewe: 43 kwa 43 mwaka 1851, 50 kwa 53 au 54 mwaka 1861.

Kwa tarehe mpya, umri wa mama wakati mvulana anazaliwa ukawa 47 hadi 48. Sasa yumo hata kwenye orodha kali, ile ya umri wa chini.

Takataka za orodha ya kwanza

Wale wengine waliojaa kwenye orodha walitoka wapi? Kundi kubwa lilikuwa la "kabla ya". Mwanamke ambaye mtafiti alijua tu kwamba aliolewa mwaka 1818 aliandikiwa kuzaliwa "kabla ya 1803", na programu ikampa miaka mingi kadiri ilivyopenda kwenda nyuma. Kundi la pili lilikuwa mama wa kambo: mke wa pili ameunganishwa na watoto wa mke wa kwanza kama mama mzazi, na hapo umri unaweza kuwa mdogo mno au mkubwa mno kutegemea nani alikuwa nani. Hili programu haiwezi kulirekebisha. Ila umri usio wa kawaida ni njia nzuri ya kuligundua.

Wapo pia waliokosekana kimyakimya, na hao wananisumbua zaidi. Tarehe iliyoandikwa "1808?" ilisomwa na programu kama maneno matupu, hivyo mwenye tarehe hiyo hakuwa na umri wowote. Mwanamke asiye na tarehe kabisa vilevile. Kichujio kikiwaacha, hakitangazi. Ripoti ya umri inayofaa ina sehemu ya mwisho yenye majina ya wasioweza kuhesabiwa, na kama programu haitoi sehemu hiyo, unaweza kuitengeneza kwa kichujio cha pili kinachotafuta waliokosa tarehe.

Mtafiti alijaribu pia kuihamishia data kwenye Excel ili afanye hesabu huko. Kwa karne ya 19 njia hiyo imefungwa: Excel haitambui tarehe za kabla ya 1 Januari 1900 na inaziacha kama maandishi. Maandishi hupangwa kwa herufi, 10 ikitangulia 9, na "miezi 7" ya mtoto mchanga ikipoteza neno lake inakuwa miaka saba. LibreOffice inazikubali tarehe hizo. Hata hapo, usigawe siku kwa 365 ukadhani umepata miaka: katika miaka 80 kuna siku za ziada zipatazo 20, na mtu ataonekana ametimiza miaka 80 wiki kadhaa kabla ya siku yake.

Umri hasi nao ulijitokeza mara moja, kwenye tawi la zamani la ukoo: mtoto aliyebatizwa 20 Aprili 1731 na kuzikwa 10 Februari 1731. Si kosa la kunakili. Hadi 1752 mwaka wa Uingereza ulianza kisheria 25 Machi, kwa hiyo Februari ile ilikuja baada ya Aprili, na sisi leo tungeiita Februari 1732. Mtoto aliishi karibu miezi kumi. Kuandika 1731/32 kunaondoa utata, na programu nyingi zinaielewa. Kichujio cha umri chini ya sifuri hakichoshi kukitumia, na karibu kila anayetokea humo ana jambo la kueleza.

Mstari mdogo kwenye faharasa

Orodha mpya ilipangwa kwa umri wa juu, ikiwa na safu za umri wa chini, pengo kati ya mtoto na anayemtangulia, na umri wa binti mkubwa aliyekuwepo. Mama wetu alikuwa na 47 hadi 48. Mtoto aliyemtangulia mvulana alizaliwa 1846, pengo la miaka tisa. Binti mkubwa alikuwa na miaka 15 kwenye sensa ya 1851, yaani 19 hadi 20 mvulana alipozaliwa, ukihesabu robo nzima na siku zake 42.

Dalili zote tatu zimekaa kwenye mstari mmoja, lakini mwanamke wa miaka 47 anaweza kuzaa, na orodha ilikuwa na familia nyingine ambazo mama ndiye mama kweli. Pa kuangalia palikuwa kwenye faharasa mpya ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili ya Uingereza, iliyofunguliwa 2016. Faharasa ya zamani ilianza kuonyesha jina la mama la kabla ya ndoa mwaka 1911 tu. Hii mpya inalionyesha tangu usajili ulipoanza 1837. Kama bibi angesajili mtoto kuwa wake, jina lake la usichana lingekuwepo. Kwenye mstari wa mvulana palikuwa na kistari tu, na kistari hicho kwa kawaida maana yake mama hakuwa ameolewa.

Cheti kilipoagizwa kilitaja binti kuwa mama. Siku ya kuzaliwa ilikuwa 12 Oktoba 1855. Safu ya baba haikuandikwa kitu.

Kwenye faili mvulana akahamishwa kizazi kimoja chini, na uzazi wa mwisho wa bibi ukawa ule wa 1846, akiwa na miaka 38 au 39. Kilichobaki ni ndoa ya mvulana, mwaka 1880. Kwenye daftari la ndoa alimtaja babu yake kuwa baba, na kwenye nafasi ya umri karani aliandika kwamba ametimiza umri wa mtu mzima, ambao wakati huo ulikuwa miaka 21. Programu ilipendekeza iwekwe 21. Mtafiti alikataa, kwa kuwa namba hiyo ingezalisha mwaka wa kuzaliwa 1858 au 1859 na kuanza kugombana na cheti. Toleo la 7.0 la GEDCOM, la mwaka 2021, linaruhusu nafasi ya umri ibaki wazi na maneno ya karani yanakiliwe chini yake yalivyo, naye akafanya hivyo. Jina la babu aliliweka kama kauli iliyotolewa siku ya ndoa, bila kuliunganisha na sehemu ya baba.